Genge la Manga na Vita vya 1908

Genge refu linaloinuka juu ya nchi ya Kitutu ni Manga, mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya. Hewa ikiwa safi, kutoka juu huonekana uwanda wa Kano na Ziwa Victoria. Katika simulizi za Abagusii, wenyeji wa eneo hili, mababu walipita uwanda huo kabla ya kupanda milimani.

Huku milimani, mwaka 1907 Waingereza walifungua kituo cha utawala Kisii, wakataka kodi na utii. Moraa wa Ng'iti, mwonaji wa Kitutu, aliwahimiza vijana wakatae. Januari 1908 mmoja wao, Otenyo Nyamanterere, alimchoma mkuki afisa wa utawala, G. A. S. Northcote, aliyenusurika. Jibu lilikuwa la kikatili mno: askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, walichoma nyumba, wakateka ng'ombe na kuua watu wengi. Hata Winston Churchill, wakati huo akiwa naibu katika Wizara ya Makoloni mjini London, alilalamikia mauaji hayo. Otenyo alikamatwa na kuuawa. Wazee husimulia kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza, na wengi bado wanadai kirudishwe azikwe kwa heshima. Jina lake lastahili kutajwa kila mgeni apitapo hapa.

Unapanda Manga? Anza asubuhi, kabla ya mvua ya alasiri, maana udongo hapa huteleza. Chukua mwenyeji akuongoze, na usikaribie ukingo.