Y'all

Y'all ni kiwakilishi cha nafsi ya pili wingi katika Kiingereza cha mazungumzo cha Marekani, hasa katika majimbo ya kusini kama Texas, Georgia na Alabama. Hutamkwa "yol", na maana yake ni "ninyi" au "nyote". Neno hili limetokana na kufupishwa kwa maneno mawili, you na all, ndiyo maana ritifaa huandikwa mara baada ya y, mahali pa herufi zilizodondoshwa. Tahajia ya ya'll ni kosa la kawaida.

Zamani Kiingereza kilitofautisha umoja na wingi: mtu mmoja aliitwa thou, wengi waliitwa ye au you. Baadaye you ikatumiwa pia kumheshimu mtu mmoja, na kufikia mwisho wa karne ya 17 thou ilikuwa karibu kutoweka katika Kiingereza sanifu. Tangu hapo anayeulizwa "Are you coming?" hana hakika kama amealikwa peke yake au na wenzake. Lahaja ziliziba pengo hilo kila moja kwa njia yake: youse husikika Ireland na Scotland, yinz Pittsburgh, na you guys sehemu nyingi za Marekani.

Y'all haibadiliki, iwe kiima au yambwa. Ikionyesha umiliki huwa y'all's. Msemaji anayetaka kusisitiza kwamba hakuna aliyeachwa nje husema all y'all. Wanaisimu hubishana iwapo neno hili huweza kumhusu mtu mmoja. Mteja akimuuliza muuzaji aliye peke yake, "Do y'all have eggs?", wengi wao hueleza kwamba anawakusudia wenye duka wote.

Wamarekani Weusi wamelieneza mno neno hili. Kati ya miaka ya 1910 na 1970, takriban milioni 6 kati yao walihama kusini kwenda miji kama Chicago, Detroit na New York, wakaenda na usemi wao. Leo baadhi ya watu hulipendelea kuliko you guys, kwa kuwa guys kiasili huwahusu wanaume.

Kusini, y'all hutumiwa na watu wa kila tabaka, wasomi kwa wasio wasomi, wala si dalili ya kutojua sarufi. Hata hivyo, katika insha za shule, barua za kiofisi na hati za kisheria huandikwa you au all of you.