Maandalizi ya kujiunga na chuo: Tezo, Kilifi

Maandalizi ya kujiunga na chuo ni kazi inayofanywa na mwanafunzi wa sekondari, wazazi na walimu wake, ili akimaliza Kidato cha Nne awe na alama, hati na fedha za kumfikisha chuo kikuu, chuo cha ufundi au chuo cha mafunzo ya tiba. Makala hii inaieleza kazi hiyo kama ilivyo Tezo, mojawapo ya wadi saba za eneo bunge la Kilifi Kaskazini, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi. Ni nchi ya minazi, mikorosho na mihogo, na wakazi wake wengi hulima mashamba ya mpango wa makazi wa Tezo-Roka. Chuo Kikuu cha Pwani kiko mjini Kilifi, mwendo mfupi wa matatu. Kilianza 2007 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, mahali palipokuwa na taasisi ya kilimo, kikapata hati ya kujitegemea 2013. Kwa familia isiyo na uwezo wa kulipia chumba cha kupanga, ujirani huo ni neema kubwa, kwa kuwa mtoto anaweza kusoma shahada na jioni akarudi kulala kwao.

Hata hivyo, wako vijana wanaopita mbele ya lango la chuo hicho ambao mlango haukufungwa na mtihani wenyewe. Ulifungwa miaka miwili kabla, walipochagua masomo mwishoni mwa Kidato cha Pili, au siku jina lao lilipoandikwa kwa herufi zisizolingana na za cheti cha kuzaliwa. Maandalizi yenye faida huanza hapo, na ndiyo sababu makala hii inakaa zaidi juu ya masomo na karatasi kuliko juu ya fomu ya maombi.

Masomo na klasta

Chini ya mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi alipunguza masomo alipoingia Kidato cha Tatu na kubaki na saba au nane ya kutahiniwa katika mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE. Kila gredi ina pointi zake, kuanzia 12 kwa A hadi 1 kwa E, na masomo saba hufanya jumla ya juu kuwa 84. Tangu matokeo ya 2023, gredi ya jumla huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja iliyofanywa vizuri zaidi, na masomo mengine matano yenye alama za juu. Anayefikisha pointi 46 hupata C+, gredi ya chini kabisa ya kuingia shahada. Diploma hudai C-, cheti cha ufundi hudai D, na ngazi ya fundi wa awali iko wazi hata kwa aliyepata E.

C+ humruhusu mtu kuomba tu. Kozi gani ataipata huamuliwa na klasta, yaani masomo manne ambayo kozi husika huyatazama. Uhandisi hutaka Hisabati, Fizikia na Kemia. Udaktari hutaka Biolojia na Kemia, Hisabati au Fizikia, na lugha. Walimu wengi huwaonyesha wanafunzi wao kanuni hii rahisi: pointi za masomo manne zigawanywe kwa 48, jumla ya masomo saba igawanywe kwa 84, matokeo hayo mawili yazidishwe, itafutwe kipeuo cha pili, kisha kizidishwe kwa 48. Hesabu ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi, ina marekebisho ya ziada, lakini kanuni hii inatosha kumwonyesha mtoto wa Kidato cha Tatu anakoelekea.

Chukua wanafunzi wawili waliopata pointi 52 kila mmoja, C+ ya juu. Wa kwanza ana 36 katika masomo manne ya kozi anayoitaka na 16 katika matatu yaliyobaki, na klasta yake ni 32.7. Wa pili ana 28 katika yale manne na 24 katika mengine, na klasta yake ni 28.8. Gredi yao ni moja, na nyumbani wote wawili watapokewa kwa vigelegele vilevile, lakini pointi hizo karibu nne zinaweza kumpa mmoja kozi aliyoiota na kumwacha mwenzake nje. Mwanafunzi akilijua hili mapema huacha kuuliza tu atapata gredi gani, huanza kuuliza atie bidii katika somo lipi.

Hapa ndipo Fizikia inapoumiza. Ni somo la hiari, na katika shule changa ya kutwa yenye maabara moja na walimu wachache wa sayansi, wengi huliacha kwa sababu linasemwa kuwa gumu, au kwa sababu rafiki ameliacha. Wakiliacha, uhandisi wote umekwenda nalo: wa ujenzi, wa umeme, wa mitambo. Mtoto wa miaka kumi na sita hapaswi kufanya uamuzi huo peke yake, bila mtu mzima kumweleza milango unayoifunga. Mkutano wa wazazi wa Kidato cha Pili, muhula wa tatu, ulikuwa muhimu kuliko ule wa kuwaombea watahiniwa wa Kidato cha Nne, ingawa huu wa pili ndio uliojaza watu uwanjani.

Wanafunzi wa Tezo wanaokwenda bweni, kwa mfano Malindi High, Bahari Girls, St. Thomas Girls au Ribe Boys, kwa kawaida hukuta mwalimu wa ushauri nasaha na orodha ya kozi ukutani. Wa shule za kutwa mara nyingi humtegemea kaka au dada aliyetangulia chuoni. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani anayetoka kijiji hichohicho, akipewa saa moja mbele ya Kidato cha Tatu, hueleza klasta vizuri kuliko kijitabu chochote.

Karatasi

Cheti cha kuzaliwa ndiyo hati ya kwanza, na pwani ya Kenya ndiyo mara nyingi inayokosekana. Mtoto aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga wa kijiji huenda hakuandikishwa, na hitaji lake halionekani mpaka usajili wa mtihani wa kitaifa. Kumwandikisha kwa kuchelewa kunapitia kwa mzee wa kijiji, naibu wa chifu na chifu kabla ya kufika kwa msajili wa vizazi na vifo. Namba ya cheti hicho hutumika hata kufungulia ukurasa wa maombi ya KUCCPS, pamoja na namba ya mtihani na mwaka wa KCSE.

Majina yana kisa chao. Kwa Wagiriama na jamaa zao Wamijikenda wengine, mtoto hupewa jina la babu au bibi, na katika ukoo mmoja majina hurudi kila kizazi kingine: Kazungu, Charo, Katana, Kadzo, Dama. Shuleni huongezwa jina la ubatizo au la Kiislamu. Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja huweza kuwa na mpangilio mmoja wa majina kwenye cheti cha kuzaliwa, mwingine kwenye hati ya mtihani, na wa tatu kwenye kitambulisho. Shule inapopeleka orodha ya watahiniwa kwa Baraza la Mitihani, KNEC, mzazi anapaswa kuisoma orodha hiyo mwenyewe, herufi kwa herufi, huku cheti kikiwa mkononi. Ikiwa hasomi, amtume mtu anayesoma. Kosa likigunduliwa wakati huo, mwalimu hulisahihisha. Likigunduliwa baada ya matokeo, ni barua, hati ya kiapo kwa wakili na nauli ya kwenda na kurudi mara kadhaa, kwa nyumba ambayo nauli hiyo ndiyo unga wa wiki.

Anayefikisha miaka 18 akiwa Kidato cha Nne atafute kitambulisho mara moja, kwani kitahitajika katika maombi ya mkopo wa masomo. Zitahitajika pia namba za vitambulisho vya wazazi wote wawili, au cheti cha kifo kwa aliyefiwa. Hili la mwisho linawagusa mayatima wengi wanaolelewa na nyanya zao: baba alizikwa, matanga yakaanuliwa, na hakuna aliyefikiria cheti. Kukitafuta miaka kumi baadaye kunawezekana, ila kunataka muda, na muda huo upo Kidato cha Tatu.

Kutuma maombi

Zamani mwanafunzi alichagua kozi kabla ya kujua matokeo, chini ya Bodi ya Pamoja ya Udahili, JAB. Mkulima mwenye mtoto mwerevu angeweza kumwona akikosa nafasi kwa kuwa alijichagulia juu mno, au akipata ya chini kuliko uwezo wake kwa woga. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliiondoa JAB na kuleta KUCCPS, na sasa mtahiniwa huomba akiwa na matokeo mkononi. Nchini Uganda walioomba ufadhili wa serikali kwa miaka mingi walijaza chaguo kabla ya mtihani. Tanzania mwanafunzi wa Kidato cha Sita husubiri matokeo, lakini alikwisha kubanwa na tahasusi, yaani kundi la masomo, tangu Kidato cha Tano. Marekani mwanafunzi hutuma maombi katikati ya mwaka wa mwisho, pamoja na insha na barua za walimu. Mfumo wa Kenya ni mwepesi kwa maneno na mkali kwa hesabu: hakuna insha itakayookoa klasta iliyopungua.

Maombi hufanywa mtandaoni, na katika mizunguko ya karibuni ada ya anayeomba shahada imekuwa shilingi 1,500. Wengi hujaziwa katika saiba za mjini Kilifi. Si vibaya, mradi mwanafunzi aketi kando ya anayebofya, achague mwenyewe na aondoke na neno lake la siri. Yako maombi yaliyopotea kwa sababu tu nywila ilibaki saiba. Kabla ya kwenda, inafaa awe ameandika kozi zake kwenye daftari, akilinganisha klasta yake na ya mwisho iliyochukuliwa na kila chuo mwaka uliotangulia, ambayo KUCCPS huionyesha. Aliyekosa raundi ya kwanza hupewa raundi ya marekebisho, na baadaye kuna dirisha la kuhama chuo.

Chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC kina kampasi mjini Kilifi, na siku hizi nafasi zake pia hupitia KUCCPS. Kwa mwenye C aliyependa uuguzi au utabibu, njia hiyo ni ya heshima kamili.

Fedha

Mfumo wa 2023 ulichanganya ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, bodi iliyoundwa 1995, na mchango wa familia, kwa makundi ya uwezo, baadaye matano. Kundi la chini kabisa lilipangiwa ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa 25 na mchango wa 5. Kundi la juu kabisa 30, 30 na 40. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha katiba, kisha Mahakama ya Rufani ikausitisha uamuzi huo mwaka uliofuata.

Kwa Tezo tatizo ni jinsi uwezo unavyopimwa. Mgema wa mnazi hana hati ya mshahara. Mama anayeuza mihogo ya kuchemsha hajui kipato chake cha mwezi ni kiasi gani, kwa kuwa hakihesabu kwa mwezi. Wakijaza makadirio ya kujipa moyo, mtoto huangukia kundi lisilo lake na kudaiwa asichokuwa nacho. Ni bora familia ikae pamoja mapema, ihesabu kwa ukweli, na itunze risiti za karo na barua za basari za shule, kwani fomu huuliza pia ni nani aliyemlipia sekondari. Basari za mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, NG-CDF, na za kaunti huombwa kando, kila moja kwa fomu na tarehe zake.

Miezi ya kungoja

KCSE huisha Novemba, matokeo hutoka Januari, na vyuo vikuu hupokea wanafunzi wapya Agosti au Septemba. Katika miezi hiyo kijana huendesha bodaboda, msichana huozwa au hushika mimba, na barua ya kuitwa chuoni hufika kwenye nyumba iliyokwisha kubadilisha mipango. Kwa wanaofanya vizuri sana kuna nafasi chache za mafunzo kazini katika kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, kilichoko mjini Kilifi tangu 1989, ambacho kwa miaka mingi kimewachukua wahitimu wa Kidato cha Nne wa kaunti hii. Wengine hujifunza kompyuta au hufundisha wadogo zao. Msichana aliyejifungua hajapoteza haki yake: mwongozo wa kitaifa wa 2020 humruhusu kurejea shuleni, na chuo hakimuulizi kama ni mama.

Mtaala mpya

Mtaala mpya unachukua nafasi ya 8-4-4: mtihani wa mwisho wa shule ya msingi wa KCPE ulifanywa 2023, na KCSE ya mfumo huo wa zamani itafungwa 2027. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walianza Januari 2026, wakiwa wamechagua mkondo tangu Gredi ya 9: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Uamuzi uliokuwa wa Kidato cha Pili umesogezwa nyuma, kwa mtoto mdogo zaidi. Shule za sekondari ya juu zimegawanywa pia, zile zenye mikondo yote mitatu na zile zenye miwili. Zote zina mkondo wa sayansi, kwa hiyo mtoto wa Tezo mwenye kipaji cha muziki au mbio ndiye atakayelazimika kuitafuta shule mbali na kwao, na mzazi wake ndiye atakayehitaji kujua hilo mtoto akiwa bado yuko Gredi ya 8.