Waliomtetea Khalfan

Tarehe 29 Mei 2001, katika mahakama ya shirikisho iliyoko Manhattan, New York, raia 12 wa baraza la mahakama waliwatia hatiani washtakiwa wanne wa milipuko ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Mashtaka yalikuwa 302, na yote yalithibitishwa. Mmoja wa wanne hao alikuwa Khalfan Khamis Mohamed, kijana wa Kidimni, Unguja. Siku moja kabla yake, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini mjini Johannesburg ilikuwa imeamua kwa kauli moja kwamba kijana huyo alipelekwa Marekani kinyume cha sheria.

Hukumu mbili kwa mtu mmoja ndani ya saa ishirini na nne na ushei. Ya New York ilijaa kwenye magazeti ya Afrika Mashariki, ya Johannesburg ikapita kimyakimya. Kumbe ndiyo iliyokuwa na uzito katika swali lililobaki: auawe au asiuawe?

Alichokifanya Khalfan hakikuwa siri. Ndiye aliyepanga nyumba ya Ilala ambako bomu la Dar es Salaam lilitengenezwa, na alisaidia kusaga baruti na kupakia gari aina ya Nissan Atlas pamoja na mitungi ya gesi. Asubuhi ya Ijumaa, Agosti 7, 1998, alipanda gari hilo pamoja na dereva, Mmisri aliyeitwa Ahmed Mjerumani. Njiani akateremka, akarudi nyumbani kumwombea dua mwenzake. Saa nne na dakika 39 bomu lililipuka Oysterbay. Lori la maji lililokuwa getini ndilo lililolizuia gari la bomu lisiingie ndani ya uwanja wa ubalozi. Watu 11 walikufa, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao.

Nairobi, dakika chache kabla, walikuwa wamekufa 213. Wamarekani walikuwa 12; waliobaki, karibu wote, walikuwa Wakenya waliokuwa kazini, barabarani au kwenye basi. Wengi walipofuka macho kwa sababu walisikia kishindo cha kwanza wakakimbilia madirishani kuchungulia, na kishindo cha pili kikawarushia vioo usoni. Anayeuliza kwa nini Khalfan alichukiwa, jibu liko hapo. Hakuchukiwa na Wamarekani peke yao. Alichukiwa na watu wanaozungumza lugha yake, wengi wao Waislamu kama yeye, walioona jina la dini yao na la visiwa vyao likiburuzwa matopeni.

Katika hali hiyo, wakili anasimama aseme nini?

Mahakama ilimteulia Khalfan mawakili, miongoni mwao David Ruhnke na David Stern, wote wazoefu wa kesi za kunyongwa. Sheria ya Marekani inampa mshtakiwa anayekabiliwa na kifo haki ya kuwa na mawakili wasiopungua wawili, na asipokuwa na fedha, serikali inawalipa. Hili huwaudhi watu wengi: kwamba serikali ileile inayotaka kumuua mtu ndiyo inayomlipa anayemtetea. Lakini bila hivyo kesi ingekuwa ya upande mmoja, na hukumu yake isingekuwa na thamani hata kwa waliofiwa.

Tatizo la mawakili hao lilikuwa kubwa kuliko chuki ya watu. Mteja wao alikuwa amekwisha kuwaeleza makachero wa FBI karibu kila kitu. Kukana kila jambo mbele ya baraza lenye maelezo hayo mkononi kungekuwa kujidhalilisha, na wakili aliyeonekana mwongo mwezi Februari asingesikilizwa mwezi Julai. Maana kesi za kifo za Marekani huendeshwa kwa awamu mbili: kwanza hatia, kisha, mbele ya raia walewale, adhabu. Wakawekeza nguvu zao kwenye awamu ya pili. Hoja yao, kwa lugha ya vijiwe vya Dar, ilikuwa kwamba huyu ni dagaa. Papa waliompa fedha, waliojua shabaha na waliopanga siku walikuwa wamekwisha kutoroka. Na kweli, wakubwa wa njama hiyo walikwishaondoka Afrika Mashariki kabla ya bomu, wakamwacha yeye asafishe nyumba.

Hoja ya dagaa ni ya kawaida mahakamani na pengine isingetosha. Iliyoipa nguvu ilitoka Cape Town.

Baada ya mlipuko Khalfan alikimbia kwa njia ya nchi kavu, akapita Msumbiji na kuingia Afrika Kusini kwa pasipoti ya jina la bandia. Aliomba hifadhi ya ukimbizi, akapata kibali cha muda, na akawa anafanya kazi katika duka la kuuza baga. Zaidi ya mwaka ukapita. Kisha ofisa mmoja wa FBI, akipekua mafaili ya waomba hifadhi mjini Cape Town, akaiona picha yake. Oktoba 5, 1999, Khalfan alipokwenda ofisi ya wakimbizi kuhuisha kibali chake, alikamatwa. Kesho yake alikuwa ndani ya ndege ya Marekani.

Hakukuwa na shauri la kumhamisha mtuhumiwa, wala jaji aliyeulizwa. Maofisa waliita kitendo hicho kufukuzwa nchini. Lakini huyu alikuwa Mtanzania aliyeingia kutokea Msumbiji. Kwa sheria za uhamiaji za Afrika Kusini, Marekani haikuwa mahali pa kumrudisha. Na Afrika Kusini ilikuwa imefuta adhabu ya kifo mwaka 1995, kwa hukumu ya kwanza kubwa ya Mahakama hiyohiyo ya Katiba. Mawakili wake wa Cape Town waliuliza swali fupi: nchi iliyokataa kunyonga inaweza kumkabidhi mtu kwa nchi inayonyonga bila kuomba japo ahadi kwamba hatauawa?

Mahakama Kuu ilitupilia mbali ombi lao. Wakapanda ngazi. Mahakama ya Katiba wakati huo iliongozwa na Arthur Chaskalson, ambaye mwaka 1963 alikuwa wakili kijana katika jopo lililowatetea Nelson Mandela na wenzake katika kesi ya Rivonia, washtakiwa ambao serikali ya siku hizo iliwatangaza kuwa wahalifu hatari na ambao wangeweza kunyongwa. Mwandishi yeyote wa riwaya angeona aibu kubuni sadfa ya namna hiyo.

Majaji walisema jambo hilo halikuhusu wema wala ubaya wa Khalfan, bali mwenendo wa serikali. Waliona haikuwa na mamlaka ya kumkabidhi bila kwanza kupata ahadi. Tena walitaja mfano ulio jirani kabisa na kesi yenyewe: Mamdouh Mahmud Salim, aliyetajwa kuwa mmoja wa vigogo wa al-Qaeda, alikamatwa Ujerumani mwaka 1998, na Wajerumani hawakumtoa mpaka Wamarekani walipoahidi kwamba hatauawa. Kigogo, basi, alikuwa salama na kitanzi, na kijana wa kusaga baruti hakuwa salama. Khalfan alikwishaondoka, hakuna aliyeweza kumrudisha, kwa hiyo majaji wakafanya lililokuwa ndani ya uwezo wao: waliamuru nakala ya hukumu ipelekwe haraka kwa mahakama ya New York.

Jaji Leonard Sand, aliyesikiliza kesi ya New York, aliruhusu baraza lizingatie jambo hilo. Waendesha mashtaka nao walikuwa na silaha nzito. Novemba 1, 2000, ndani ya mahabusu ya Manhattan, Salim alimchoma askari magereza jichoni kwa kitana kilichonolewa, akamsababishia ulemavu wa kudumu. Aliyekuwa naye katika chumba kimoja ni Khalfan. Upande wa mashtaka ulisema alishiriki, na kwamba ataendelea kuwa hatari hata akiwa kifungoni. Mawakili wake walipinga, wakipitia ushahidi hatua kwa hatua. Hii ndiyo sehemu ya kazi yao isiyopendeza kabisa: kusimama mbele ya watu walioona picha za askari aliyetobolewa jicho na kusema, ngojeni, nani hasa alimshika na nani alimchoma?

Julai 10, 2001, baraza lilishindwa kukubaliana, na kwa sheria hiyo ikawa na maana ya kifungo cha maisha. Katika fomu yao, wajumbe saba walikubali kwamba kumuua kungemfanya shahidi machoni mwa wenzake.

Kusomwa kwa adhabu kulisogezwa hadi Oktoba. Mitaa michache kutoka mahakamani, minara ya World Trade Center ilikuwa imeanguka siku 37 kabla, na kifusi kilikuwa bado kinafuka moshi. Oktoba 18 wote wanne walipewa kifungo cha maisha. Kama baraza lingekaa mwezi huo badala ya Julai, ni vigumu kuamini kwamba fomu ingejazwa vilevile.

Miaka tisa baadaye, kwa milipuko hiyohiyo, alifuata mahakamani Mzanzibari mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, aliyekamatwa Pakistan mwaka 2004, akashikiliwa katika magereza ya siri ya CIA na kisha Guantánamo. Mwaka huohuo wa 2010, kabla kesi yake haijaanza, tangazo moja la kisiasa liliwashambulia wanasheria wa Wizara ya Sheria waliowahi kuwatetea mahabusu wa Guantánamo, likihoji wako upande wa nani. Waliojitokeza kulilaani ni pamoja na wanasheria wa kihafidhina kama Kenneth Starr, waliokumbusha kwamba John Adams, kabla hajawa rais, aliwatetea askari wa Kiingereza waliowaua watu Boston mwaka 1770.

Wakili wa Ghailani, Peter Quijano, alimweleza kama kijana aliyetumwa bila kujua anatumwa nini. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu, Mtanzania ambaye angesema alimuuzia baruti, kwa sababu jina lake lilipatikana kwa mateso ya CIA. Novemba 17, 2010, Ghailani alifutiwa mashtaka yote isipokuwa moja, la kula njama ya kuharibu majengo na mali za Marekani. Wanasiasa walifoka kwamba mahakama za kiraia zimeshindwa. Januari 2011 Kaplan akampa kifungo cha maisha kwa shtaka hilo moja.

Huko Afrika Kusini hukumu ya Khalfan haikufa. Serikali ilitaka kuwarudisha watuhumiwa wawili wa mauaji Botswana, nchi ambayo bado inanyonga na iliyokataa kutoa ahadi. Mmoja alikwishafariki kabla ya uamuzi. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ilifungua jalada la mwaka 2001, ikaona hakuna sababu ya kuliacha, na serikali ikazuiwa kumpeleka aliyebaki.