Amana ya Ndia Kuu
SEHEMU YA 3

ILIPOISHIA: Mteja aliniletea picha kuukuu ya mzee mwenye kilemba, akataka fremu ing'arishwe tu, akanionya nisiifungue nyuma. Usiku nikashindwa kujizuia. Nilipong'oa misumari, chini ya ubao nikaona ncha ya karatasi nyingine...

SASA ENDELEA

Nilitaraji hati ya nyumba. Nilichochomoa ni ziwa.

Lilichorwa kwa rangi za maji, tena kwa pupa. Maji ya kijani kibichi, anga ya machungwa, matete meusi ya kupigwa brashi mara moja. Pale buluu ilipoikuta njano kabla haijakauka, zilikuwa zimeingiliana na kuacha ukingo mwembamba kama uzi. Hapakuwa na mnazi, mkoko wala tanga. Pembeni, chini kabisa, herufi tatu zilizoshikana: HMP.

Baada ya swala ya alfajiri pale Msikiti wa Mandhry nilimpitia Mwalimu barazani kwake. Alifundisha sanaa hadi alipostaafu. Alianza na fremu, akapitisha kidole kwenye nakshi.

"Huu ulikuwa mlango wa Unguja," akasema. "Kuna mwanamke wa Afrika Kusini aliyekuwa akitia picha zake kwenye mbao kama hizi. Irma Stern. Alikwenda Unguja 1939, akarudi tena 1945."

"Na hizi herufi, Mwalimu?"

Akavaa miwani. Alikaa kimya mpaka kahawa yake ikapoa.

"Hermann Max Pechstein, Mjerumani. Alikuwa katika kundi la Die Brücke, vijana wa Dresden. Mwaka 1910 yeye na wenzake walipiga kambi kwenye maziwa ya Moritzburg, wakachora. Mti kwao haukuwa lazima uwe kijani. Ukiwatia hofu, waliupaka wekundu. Stern alikutana naye Berlin 1917, akawa kama mlezi wake. Wanazi walipotawala, kazi za Pechstein ziliondolewa makumbusho kwa mamia."

"Kwa hiyo ziwa hili..."

"Sikusema hivyo. Herufi tatu hata wewe unaweza kuziandika." Akateremsha sauti, maana wapita njia walikuwa wameanza. "Ila ujue unacheza na nini. Mwaka 2011, picha ya Stern iitwayo Arab Priest iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni tatu. Nyingine aliyoichora Unguja ilikutwa jikoni kwa watu, huko huko London, imegeuzwa ubao wa kubandikia barua na bili. Haya, geuza karatasi."

Nikageuza. Nyuma palikuwa na mstari mmoja wa wino uliofifia, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu aliusoma polepole:

"Amana. Nisiporudi, apewe binti yangu, Kuze."

Miguu iliniisha nguvu. Bibi yangu alizaliwa Kuze. Babake aliondoka na jahazi Bandari ya Kale, yeye akiwa mtoto, na nyumbani kwetu habari zake hazizungumzwi.

Sikuaga. Nilikata vichochoro mpaka karakanani, nikapanda ngazi mbili mbili. Bibi alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Nilimwekea karatasi mbele yake, upande wa maandishi juu. Hakuuliza nimeitoa wapi. Alifuata herufi kwa ncha ya kidole, kuanzia kulia, midomo ikimcheza. Ziwa hakuligeuza hata kulitazama.

"Bibi, ni nini hii?"

Kabla hajanijibu, tukasikia chini:

"Hodi! Fundi! Salaam aleikum!"

Mteja. Tuliagana aje Jumatatu, na hii ilikuwa Jumamosi. Nilichungulia dirishani. Alikuwa na mwanamume mwingine aliyeshika mkoba mweusi.

"Fundi, ile picha iko tayari ama vipi? Nimekuja na mnunuzi, jioni anapanda ndege!"

Fremu ilikuwa mezani, imefunuliwa, misumari imetapakaa. Nikataka kuirudisha karatasi ndani. Bibi akaikalia.

"Bibi, nakuomba. Huyu mtu ana mali yake."

"Mali yake?" Akajifuta mikono kwenye leso, akajitanda vizuri. Mteja huyo hajawahi kumwona, wala habari za picha sikuwa nimemwambia. "Mwambie apande, mjukuu wangu. Na umuulize ile ya pili, yenye sura ya mamangu, amemuuzia nani."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO