Kicheko cha Pasaka na Ndevu za Mtakatifu Filipo Neri



Zamani, katika makanisa ya Ujerumani ya kusini, palikuwa na desturi iliyoitwa Kicheko cha Pasaka. Baada ya majonzi ya Kwaresima, mhubiri alisimulia kisa cha kuchekesha ili waamini wacheke kwa furaha ya Ufufuko. Shabaha ilikuwa njema: mauti yameshindwa, na shetani amebaki kichekesho.

Lakini polepole mzaha ukawa bwana na Injili ikawa mtumwa. Mwaka 1518 mhubiri Johannes Oecolampadius, aliyekuwa angali padre Mkatoliki, alilaumiwa kwamba mahubiri yake hayachekeshi. Alijibu kwa waraka uliofichua yaliyokuwa yakitendeka mimbarani: huyu akiigiza mlio wa ndege, yule akisimulia jinsi Mtume Petro alivyowahadaa wenye nyumba za wageni asilipe deni, wengine wakitamka hata maneno ya aibu. Ingawa baadaye alijiunga na wanamatengenezo, lawama yake hiyo ilikuwa ya haki.

Je, dawa ni kununa? Mtakatifu Filipo Neri atukatalia. Alizaliwa Firenze mwaka 1515, akapadrishwa Roma mwaka 1551, akakusanya vijana na wafanyakazi kwa sala, nyimbo na mazungumzo mepesi juu ya Neno la Mungu. Ndivyo ilivyozaliwa Oratorio, iliyotambuliwa na Papa Gregori wa 13 mwaka 1575. Waandishi wa maisha yake wasimulia kwamba alipata kutokea hadharani amenyoa ndevu upande mmoja tu. Na wageni wenye vyeo walipokuja kumtazama “mtakatifu”, aliagiza wasomewe kitabu cha vichekesho. Aliogopa sifa kuliko kudharauliwa.

Ndugu zangu, niruhusuni niungame. Jumapili moja nilimtania mwamini aliyeingia kanisani katikati ya homilia. Kanisa zima lilicheka, nami nikajiona mhubiri hodari. Baada ya Misa alinijia, akasema kwa upole: “Baba Paroko, nisamehe. Nimetoka hospitali, nimekesha na mama.” Sijasahau uso wake hadi leo.

Tangu siku ile, kabla ya kutania mimbarani hujiuliza: ni nani atakayelipa gharama ya kicheko hiki? Katika Kicheko cha Pasaka, mwishowe ililipa Injili. Katika utani wangu, alilipa mtu aliyekwisha kulemewa. Filipo Neri alilipa mwenyewe, kwa ndevu zake na heshima yake. Kwa hiyo waliocheka naye waliondoka wepesi, wala hakuna aliyeachwa na jeraha.

Swali hilo latuhusu sote: makatekista, viongozi wa jumuiya, wazazi mezani. Tuchekeni, wapendwa, kwa maana Kristo amefufuka. Ila tuanze kujicheka wenyewe.

Mtakatifu Filipo Neri, utuombee.