Upweke wa Baharia

Joshua Slocum alipong'oa nanga Boston, Aprili 1895, hakuna aliyekuwa ameizunguka dunia kwa tanga akiwa peke yake. Alirejea Juni 1898 na chombo kile kile, Spray, chenye urefu wa mita 11 na kidogo. Mimi hunivutia zaidi kisa cha karibu na visiwa vya Azores. Tumbo lilimkamata baada ya kula plamu na jibini, akalala hoi chumbani. Alipochungulia nje akamwona mtu ameshika usukani, akijitambulisha kuwa rubani wa Pinta, merikebu ya msafara wa Columbus. Aliyeacha watu wote nchi kavu alijiletea rubani.

Pwani yetu haikuwahi kuona fahari katika kuvuka bahari peke yako. Sababu ya kwanza, nadhani, ni foromali. Tanga la jahazi hufungwa kwenye boriti hiyo ndefu na nzito. Kulitweka kunataka safu ya watu wanaovuta kamba kwa wimbo, na chombo kikigeuzwa, foromali huhamishiwa upande wa pili wa mlingoti. Mtu mmoja afanye nini hapo? Mvuvi wa ngalawa hutoka peke yake, lakini jioni yuko nyumbani. Jahazi lilikwenda mbali kwa biashara, likipeleka boriti za mikoko Ghuba kwa kusi na kuja na tende kwa kaskazi, na mabaharia wakigawana mafungu ya faida. Spray haikubeba shehena ya mtu. Usukani wake ukifungwa ilijiendesha: kutoka Thursday Island hadi visiwa vya Keeling, katika Bahari ya Hindi hii hii, Slocum asema alisafiri siku 23 bila kushika usukani hata saa tatu kwa jumla.

Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal, Mikronesia, alikuwa na upweke wa namna nyingine. Mwaka 1976 aliiongoza Hōkūle'a, mtumbwi pacha, kutoka Hawaii hadi Tahiti bila dira. Wenzake walikuwapo, ila ramani ilikuwa kichwani mwake tu: nyota zinapochomoza na kuzama, mawimbi makuu yanavyoupiga mtumbwi ubavuni. Usingizi wake ulikuwa wa kuibia. Baadaye aliwafundisha Wahawaii elimu ambayo kwao Satawal ilirithishwa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa vijana wa nyumbani walikuwa wakiiacha. Kwangu huyu ndiye mpweke hasa, na ndiye pekee aliyeutafutia upweke wake dawa.

Mashindano ya Golden Globe ya 1968, ya kuizunguka dunia kwa tanga peke yako bila kusimama, yaliufanya upweke kuwa kipimo. Kati ya tisa walioanza, Robin Knox-Johnston pekee ndiye aliyemaliza, kwa siku 312, na chombo chake, Suhaili, kilichoundwa Bombay kwa mbao za msaji. Bernard Moitessier aliacha mbio akaendelea hadi Tahiti. Donald Crowhurst alibaki Atlantiki akituma kwa redio habari za uongo za mahali alipo, akatia nanga Argentina kwa siri, na Julai 1969 chombo chake kikakutwa kinaelea kitupu. Watu waliokuwa wakimngojea Uingereza walikuwa akilini mwake kila siku. Alichokosa ni mtu wa kumbishia. Kwenye jahazi uongo ule usingefika siku ya tatu: sarahangi, msaidizi wa nahodha, angeuliza mbona jua linazama upande usiotarajiwa.