Karamu ya Watu Waliokuwa Watumwa

Mataifa mengi hupenda kukumbuka ushindi wao. Husimamisha minara, hupiga mizinga, na kuwasifu majemadari wao. Wayahudi wana sikukuu isiyofuata desturi hiyo. Katika Pasaka hukumbuka jinsi baba zao walivyotoka katika nchi ya Misri, lakini hadithi hawaianzi kwa ushujaa. Huianza kwa kukiri ya kuwa walikuwa watumwa wa Farao. Yatupasa sisi wa Afrika ya Mashariki kuitazama sikukuu hiyo kwa makini, kwa kuwa nasi tunayo historia ya kutumikishwa, na bado hatujakubaliana namna ya kuisimulia.

Usiku wa kwanza wa Pasaka jamaa huketi mezani pamoja. Huliwa mikate isiyotiwa chachu, kwa kuwa waliotoka Misri waliondoka kwa haraka, wasingoje unga uumuke. Huliwa mboga chungu, ili ulimi uonje uchungu wa utumwa. Na maji ya chumvi huwekwa mezani kuwa ukumbusho wa machozi. Kisha mtoto mdogo kuliko wote huuliza kwa nini usiku huo hauwi kama usiku mwingine, na wakubwa hawana budi kumjibu. Mapokeo yao hutaja watoto wa namna nne, na wa mwisho ni yule asiyejua hata kuuliza. Huyo haachwi katika ujinga wake. Mzazi huamriwa aanze mwenyewe kumsimulia.

Lakini kusimulia sio mwisho wa jambo. Katika Torati, kumbukumbu ya Misri imegeuzwa kuwa sheria. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati chaagiza kwamba siku ya Sabato mtumishi wa kiume na wa kike wapumzike sawasawa na bwana wao, na bwana huyo hukumbushwa ya kuwa yeye naye alikuwa mtumwa. Kitabu hicho hicho chamkataza mkulima kurudi shambani kuuchukua mganda aliousahau. Huo ni haki ya mgeni, yatima na mjane. Sababu ni ile ile. Hapo ndipo penye fundisho kuu: aliyeonja uchungu hapewi ruhusa ya kuwalisha wengine uchungu huo.

Mfano wa karibu tunao nchini Uganda. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari aliyekwisha kuwasaidia Waingereza kuitwaa nchi ya mashariki, kisha akafarakana nao, aliishika dini ya Torati pamoja na wafuasi wake karibu na Mbale. Alifariki mwaka 1928, lakini jumuiya yake, iitwayo Abayudaya, ilidumu. Katika utawala wa Idi Amin, ulioanza mwaka 1971, dini yao ilipigwa marufuku. Wengi waliiacha, wachache wakaendelea kusali kwa siri. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda, na jioni ya siku hiyo hiyo Pasaka ya Wayahudi ilikuwa inaanza. Watu waliolelewa kwa habari za Farao hawakuhitaji mwalimu wa kuwaeleza maana ya siku ile.

Swali la mezani latufikia hata sisi wa Kahawa Sukari, kando ya barabara ya Thika. Leo hapa pana nyumba za mawe na magari mengi. Lakini nchi ya Ruiru na Thika ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya kahawa ya walowezi, na tangu miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuvaa kipande shingoni. Wakati wa Hali ya Hatari, tangu mwaka 1954, watu zaidi ya milioni moja wa sehemu za kati za Kenya walihamishwa, wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa kwa mahandaki na miiba. Hata uwanja wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, jirani yetu, ulikuwa kambi ya jeshi la Waingereza mpaka ulipokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965. Wazee wengi waliyanyamazia mambo hayo, maana mara nyingine katika ukoo mmoja alikuwako aliyeingia msituni na aliyewashikia Waingereza bunduki.

Kunyamaza ni hatari moja. Hatari ya pili ni kusimulia ili kuchochea chuki. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya elfu moja waliuawa nchini Kenya, na manung'uniko ya zamani juu ya ardhi yalikuwa miongoni mwa kuni za moto ule.

Basi tutapimaje kama twakumbuka vema? Torati yatupa kipimo chepesi kukisema, kigumu kukitenda: tazama hali ya mtumishi wako. Yuko msichana wa kazi aamkaye kabla ya jogoo na kulala baada ya wote. Yuko bawabu alindaye lango usiku kucha. Yuko mgeni aliyekimbia vita kwao, akauza matunda kando ya njia. Ikiwa mjukuu wa mvaa kipande amnyima mtumishi wake siku ya kupumzika, basi historia ameisoma asiielewe. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Naye aliyenyeshewa ndiye apasaye kuwa wa kwanza kumpisha mwenziwe chini ya paa.

Kijana msomaji, wewe si yule mtoto asiyejua kuuliza. Muulize babu au nyanya yako aliyoyaona, nawe usimkatize asemapo. Kisha geuka, umwulize yule akufuliaye nguo siku yake ya kupumzika ni ipi. Akikosa jibu, nyumba yenu ina kazi ya kufanya kabla ya sikukuu ijayo ya uhuru.